Kabati la Mama, Gundi ya Baba

Shule zilipofungwa nilirudi nyumbani na sanduku langu la bati, nikamkuta baba barazani amevaa miwani ya kuogelea. Miwani ilikuwa yangu. Nyusi zake zilikuwa nyekundu kwa vumbi la mbao, mkononi ana kipande cha msasa, na mbele yake, juu ya shuka kuukuu, kabati la mama lilikuwa limelazwa vipande vipande kama chura wa maabara.

Nilimwamkia, akaitikia, akaniomba nishike ubao kwa upande ule. Hayo ndiyo yalikuwa mapokezi yangu baada ya muhula mzima wa kula maharage yenye mawe.

Kabla sijaendelea, naomba kwa heshima zote nieleze hali ya nyumba yetu. Mama alikuwa ameondoka. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyefumaniwa, hakuna sahani iliyoruka. Majirani waliotega masikio ukutani waliambulia patupu. Mama ni mshonaji. Alichukua cherehani yake na nguo zake, akahamia kwa mama mkubwa upande wa pili wa mji, akasema amechoka. Mimi niliambiwa na matroni wa bweni, aliyepokea simu, kwa sauti ileile ya kuniambia kwamba soksi zangu zimepotea.

Kilichomchosha nakijua, kwa sababu nimekulia ndani yake. Baba ni mtu wa "nitatengeneza". Bomba likivuja, atatengeneza. Swichi ikitoa cheche, atatengeneza. Kazi yake ni kusoma mita za maji: anaingia uani kwa watu, anaandika tarakimu, anatoka bila kuzungumza na mtu, na nyumbani aliendelea na utaratibu huohuo. Mama aliwahi kumwambia mezani kwamba kuishi naye ni kama kuishi na redio iliyozimwa. Baba alitafuna, akameza, akasema redio nayo ataitengeneza. Mimi nilicheka hadi chai ikanitoka puani. Mama hakucheka, na sikulitilia maanani.

Siku ya kuondoka, kwa maelezo ya baba mwenyewe, mama alisimama mlangoni mwa chumba chao akasema mambo mengi. Nilipomuuliza mambo gani, aliniangalia kupitia miwani yangu ya kuogelea kama mtahiniwa aliyeulizwa swali la sura ambayo hakuisoma. Alikumbuka moja tu, la mwisho: kwamba hata droo ya kabati ilikuwa inalia kama paka aliyekanyagwa tangu waoane, na hajawahi kuigusa.

Katika hotuba yote ile, baba alishika droo.

Basi akachukua likizo kazini, akatoa kabati lote nje, na akaamua kulirudishia ujana wake. Hilo kabati lilitengenezwa na babu mzaa mama, seremala, alipomwoza binti yake. Lilikuwa pana, la mbao nzito nyekundu, lenye milango miwili na droo moja chini, na lilikuwa na tabia ya kulalamika. Ukifungua mlango linaguna. Ukipita karibu usiku kwenda chooni linaguna. Baba alikuwa amelivumilia kama watu wanavyomvumilia mkwe.

Mwalimu wake alikuwa mwanamume mmoja wa kwenye simu, mwenye ndevu nyingi, anayefufua fanicha za zamani huku muziki wa kinanda ukipigwa. Yule bwana hasemi neno katika video zake. Anaonyesha tu: anakwangua, anapiga msasa, anapaka gundi, anabana kwa jiriwa, anasubiri, anapaka vanishi, kwisha. Lakini baba alikuwa akininukulia maneno yake kila saa. Mwenye Ndevu anasema usipige msasa kwa kukatisha nyuzi za mbao. Mwenye Ndevu anasema vanishi ya kwanza iwe nyepesi. Nilimwuliza anayasemea wapi hayo, akasema ukiwa makini unamsikia. Nilitamani mama awepo asikie kwamba baba anaweza kumsikia mtu asiyesema.

Ili kuipa kazi hiyo hadhi, niliandika kwa chaki juu ya mlango wa baraza: CHUO CHA USEREMALA NA MAJUTO. Baba alisoma, akafikiri, akaniambia herufi zimepinda.

Lakini nilimsaidia, na nitasema ukweli, nilinogewa. Kuna raha katika kupiga msasa ubao mchafu ukaona unaanza kuona haya, wekundu ukipanda kidogo kidogo chini ya weusi wa miaka. Tulikwangua vanishi ya zamani kwa kipande cha kioo. Tuliziba matundu ya misumari kwa vumbi la mbao lilelile tulilokorogea gundi. Ile droo ilikuwa ikilia kwa sababu ubao wa ubavuni ulivimba. Baba aliupiga randa kidogo, akasugua mshumaa, akarudisha. Ikaingia kimya. Akaitoa, akaiingiza. Akaniambia niijaribu. Tulibaki pale barazani tukifungua na kufunga droo tupu kama watu wasio na akili timamu, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akitabasamu tangu nirudi.

"Miaka yote hiyo," alisema. "Mshumaa tu, mama."

Mama ni mimi. Ndivyo anavyoniita akifurahi.

Kitu kimoja kilimshangaza. Alipolifungua kabati siku ya kwanza, hakuhitaji bisibisi wala patasi. Kila pembe ilikuwa na ulimi wa mbao uliopita kwenye tundu na kutokeza upande wa pili, na kwenye ulimi ilichomekwa kabari, kipande kidogo cha mbao kilichochongwa kwa mshazari. Ukiigonga kabari kwa chini inatoka, na pembe inaachia. Kabari nane, basi kabati zima linalala chini. Hapakuwa na hata tone la gundi.

Baba aliona hiyo ni kazi ya haraka. Alisema kwa adabu, kwa sababu marehemu alikuwa mkwewe, kwamba huenda mzee alikuwa na wateja wengi kipindi kile. Sasa alijua kwa nini kabati liliguna: lilikuwa limelegea tangu kuzaliwa. Mwenye Ndevu asingekubali jambo kama hilo. Zile kabari akazitupa kwenye kopo, na kwa kuwa vitu vizuri havifai kukaa bure, zilianza kupata ajira. Moja ilikwenda chini ya mguu wa meza ya jikoni. Moja ilishika dirisha. Mbili nilizichukua mimi kwa shughuli za kitaaluma, yaani kumfungia baba bafuni kwa kuisukumiza kabari chini ya mlango na kumuuliza kupitia tundu la ufunguo maswali ya chemsha bongo. Alijibu yote kwa utulivu. Alipokosa jibu alisema atalitafuta.

Vipande vilipokauka tukavibeba chumbani kimoja kimoja, maana kabati lilikuwa pana kuliko mlango, na baba alitaka likae palepale lilipokuwa siku zote, ili mama akija alikute mahali pake. Chumbani humo, kwa mikono yake, akapaka gundi nyeupe kwenye kila ulimi na kila tundu. Alipaka kama mtu anayepaka siagi mkate wa mgeni. Jiriwa hatukuwa nazo; tukalifunga kwa mipira ya ndani ya baiskeli, tukaikaza hadi ikalia, na juu tukaweka sanduku langu la bati na mimi nikiwa nimekalia. Nilikaa pale juu nikisoma kitabu, kichwa kikigusa dari, nikiwa jiriwa ya taifa.

Kesho yake tulifungua mipira. Baba alilitikisa kabati kwa bega. Halikusogea wala halikuguna. Hii ndiyo kazi pekee aliyowahi kufanya nyumbani ambayo haikuachia. Tuna stuli yake ambayo haimpendi mtu, na rafu yake iliyowahi kuanguka na vikombe vya wageni mbele ya wageni wenyewe. Kabati hili lilisimama kama askari. Vanishi ilipokauka ungeweza kujitazama ndani yake ukachana nywele.

Nikampigia simu mama. Hilo niliona ni jukumu langu, kwa sababu baba angeendelea kulifuta vumbi hadi nimalize chuo. Nilimwambia aje aone, kabati limekuwa jipya, droo hailii tena. Nyuma yake nilisikia mama mkubwa akisimamisha cherehani.

"Lote limetengenezwa?" aliuliza. "Limekaa vizuri kabisa?"

Nikasema kabisa. Akasema basi atakuja Jumamosi.

Nilipomwambia baba, alikwenda kunyoa ndevu, siku tatu kabla.

Jumamosi alivaa shati la ofisini. Tulifagia hadi nyuma ya jiko, mahali ambapo sidhani pamewahi kuuona ufagio. Nilifuta yale maandishi ya chuo. Chumbani alitandika shuka ya maua aipendayo mama, akafungua pazia ili mwanga uangukie milango ya kabati, akalifunga pazia kidogo, akalifungua tena.

Tulisikia gari kabla ya kuliona. Ilikuwa pikapu, inaingia getini kinyumenyume, dereva akitoa kichwa dirishani. Mama alikuwa mbele, ameshika mkoba. Baba aliniegemea na kuninong'oneza, na uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtoto.

"Amekuja na mizigo yake."

Mimi nilikuwa ninaiona nyuma ya pikapu. Kulikuwa na kamba na turubai. Mizigo haikuwepo.

Sikumwambia. Mimi ambaye niliwahi kumwambia mwalimu wa zamu kwamba suruali yake imechanika mbele ya shule nzima, nilishindwa kumwambia baba yangu kwamba pikapu ni tupu.

Mama alinikumbatia, akaniambia nimekonda, akamsalimia baba kwa mkono. Baba akamtangulia chumbani, na mama alipolifikia kabati alisimama. Alipitisha kiganja kwenye mlango wote, juu hadi chini. Kisha akainama kuishika droo, akaivuta kwa nguvu aliyozoea kuivuta tangu aolewe. Droo ikatoka yote. Mama akarudi nyuma, akaketi kitandani kwa kishindo, droo mapajani.

Alicheka. Alicheka hadi akajifuta macho kwa upande wa mtandio, na baba naye akacheka, ule mcheko wake wa kukohoa, na mimi mlangoni nikacheka kwa niaba ya watakaozaliwa. Kwa muda ule nyumba ilikuwa yetu.

"Imekuwa nzuri, Baba Watoto," alisema. Humwita hivyo ingawa mtoto ni mmoja. Husema mimi nahesabika wengi. "Sikutegemea. Kwa kweli umejitahidi." Akaiweka droo kitandani na kusimama. "Sasa tulifungue. Dereva ana safari nyingine."

Baba aliendelea kutabasamu kidogo, kama feni inavyozunguka umeme ukishakatika.

Mama akaeleza bila ukali. Amepata chumba chake, si mbali na kwa mama mkubwa. Kabati ni la baba yake, ndicho kitu pekee alichonacho cha mkono wake. Alikuwa akilisubiri, hakujua amwombeje. Nilipompigia simu kumwambia limekaa sawa, alishukuru. Alidhani ni baba aliyenituma.

Akachuchumaa pembeni ya kabati kutafuta kabari. Alipapasa pembe ya kwanza, ya pili.

"Kabari ziko wapi?"

"Nilizitoa," alisema baba.

"Umeweka nini?"

"Gundi."

"Wapi?"

"Kote."

Dereva, ambaye alikuwa ameingia kimya, alilipima kabati kwa mikono yake, akapima mlango, akatazama dirisha na nondo zake. Akasema mzee, hili halipiti, akatoka kwenda kulala garini. Alikuwa mtu mwenye uzoefu.

Mama alikaa tena kitandani. Alisema, huku akiitazama droo na si sisi, kwamba baba yake alitengeneza makabati ya watu wengi na yote aliyapiga gundi, isipokuwa hili. Kabla ya harusi alimwita karakanani akampa nyundo, akamfundisha kulifungua, tena na tena, hadi akaweza peke yake.

"Kulifunga hakunifundisha," alisema. "Alisema hilo mtasaidiana."

"Hukuniambia," alisema baba.

"Ningekuambiaje?"

Baba alijaribu. Alichemsha maji, akakanda pembe kwa matambara ya moto kama anayemkanda mgonjwa. Aligonga kwa nyundo juu ya kipande cha mbao, asije akaumiza vanishi. Alimwaga siki. Nilimshauri tumuulize Mwenye Ndevu, akachukua simu kweli akatazama, lakini yule bwana alikuwa na video za kuunganisha tu. Pembe nane, hakuna hata moja iliyopumua.

Mama alisema basi, aliache, haidhuru. Alisema kwa upole, na nadhani kama baba angekubali palepale, kabati lingebaki, na mama angekuwa na sababu ya kupita siku mojamoja. Nilimkodolea baba macho nikimwomba akubali. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amemsikia mama sawasawa.

"Hapana," alisema. "Ni lako."

Akaenda kuleta msumeno.

Walikata mchana kutwa. Baba alipiga magoti upande mmoja, mama upande wa pili ameshika ubao usije ukaubana msumeno. Mama alimwelekeza: polepole, usiuchane uso, pumzika. Baba alipumzika alipoambiwa. Vumbi jekundu likawajaa wote wawili. Kuna wakati msumeno ulinasa, wakavuta pamoja, ukatoka ghafla, wakaangukia kitandani, na nikasikia wanazungumza. Baba alikuwa akimweleza jinsi droo ilivyovimba, habari ya randa na mshumaa, maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema mwaka mzima. Mama aliuliza maswali. Alinyoosha mkono akampangusa vumbi kwenye nyusi. Mimi nilikuwa koridoni na sinia la chai, chai niliyoichelewesha kwa makusudi hadi ikawa uji, na nilisimama pale nikiwa sithubutu kuingia.

Nikaliweka sinia chini, nikaenda nje, nikaipunguzia upepo tairi ya nyuma ya pikapu. Niliona ni hatua ya busara. Kama gari haliondoki leo, wakila pamoja jioni, nani ajuaye. Dereva alikuwa amelala, mguu umetoka dirishani. Upepo ulitoka kwa sauti kama ya mtu anayenyamazisha darasa. Kile kifuniko kidogo cha vali nikakitia mfukoni.

Vipande vilipoanza kutolewa, dereva aliamka, akalizunguka gari, akaitazama tairi bila mshangao wowote, na akatoa pampu ya mguu chini ya kiti. Akaanza kupiga. Baba aliweka mlango wa kabati chini kwa uangalifu.

"Lete nikusaidie," alisema.

Na akasaidia. Baba yangu, amevaa shati la ofisini lililojaa vumbi, alisimama akiipiga ile pampu, goti juu, goti chini, hadi tairi ikajaa. Alipomaliza alinyoosha kiganja kuelekea kwangu bila kunitazama. Nikatoa kifuniko mfukoni nikampa. Akakifunga.

Kabati lilikaa nyuma ya pikapu kama mbao tu, pembe zake zimekatwa, nyeupe ndani pale gundi ilipokuwa. Baba alikagua kamba mara mbili. Halafu alisema, kwa sauti ambayo niliitambua kwa sababu ndiyo ya "nitatengeneza", kwamba atakuja kumuunganishia. Atachonga ndimi mpya. Safari hii bila gundi.

Mama alipangusa vumbi kwenye ubao wa juu.

"Kuna fundi karibu na pale ninapokaa," alisema.

Baba alitikisa kichwa kukubali. Alisema ni vizuri awe karibu.

Mama akaulizia kabari. Tukazikusanya: zile za kwenye kopo, ya dirishani, zangu mbili ambazo nilizirudisha bila maelezo. Baba aliingia chini ya meza ya jikoni akatoa ile ya mguuni, na tangu siku hiyo tunakula tukiwa tumeshikilia sahani. Mama alizihesabu mkononi. Ilipungua moja. Alisema haina neno, fundi atachonga nyingine. Akanikumbatia, akanukia vanishi, akaniambia chumba chake kipya kina nafasi ya godoro nikija likizo ijayo. Kisha akarudi ndani kuchukua mkoba.

Alipokuwa akitoka aliiona. Nilikuwa nimeitumia kuuzuia mlango wa mbele ubaki wazi, vipande vipite. Aliinama akaivuta chini ya mlango, akaipangusa kwa kidole, akaitia kwenye mkoba pamoja na nyingine. Mlango ulimfuata taratibu na kujifunga nyuma yake.

Baba alikuwa chumbani. Alikuwa anafagia ule mstatili wa sakafu ambao haujazoea jua tangu aoe. Alisimamisha ufagio akauliza nani amefunga mlango.

Nikamwambia upepo.